Pipi za Halloween: Maduka Yanayofaa kwa Mpangilio wa Ubora, na Sababu ya Kuhesabu Vipande Badala ya Uzito

Jioni ya tarehe 31 Oktoba, katika mitaa mingi ya Marekani na Kanada, watoto waliovaa mavazi ya kujigeuza hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, na kila anayefungua mlango hutarajiwa kumpa kila mmoja wao pipi moja au mbili zilizofungwa kiwandani. Familia zilizohamia huku kutoka Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi hukutana na desturi hii tangu mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa njia ya karatasi kutoka shuleni inayomwomba mzazi alete mfuko wa pipi kwa ajili ya darasa. Wapo wanaoishiriki kwa furaha, na wapo ambao imani yao haiwaruhusu kuisherehekea lakini hawapendi kumfungia mlango mtoto wa jirani. Wote hao hufika mbele ya rafu ileile ya duka, wakaona mifuko ya bei ishirini tofauti, wasijue ipi ni nafuu kwa kweli.

Ninaishi Minnesota, na kila mwaka ninanunua pipi hizi kwa ajili ya nyumba yetu na kwa ajili ya hafla ya watoto kanisani. Mwongozo huu unapanga maduka kuanzia lile ninaloliona bora hadi lile ninaloliona la mwisho. Kabla ya kuyataja, lazima nieleze kipimo ninachotumia, kwa sababu mnunuzi akikosea kipimo hata duka la bei nafuu kabisa halitamsaidia.

Bei ya kipande, si bei ya aunsi

Katika maduka mengi ya Marekani, lebo ya rafuni huonyesha bei ya mfuko mzima kwa herufi kubwa, na pembeni, kwa herufi ndogo, bei ya kila aunsi. Aunsi moja ni takriban gramu 28, na aunsi 16 hufanya pauni moja. Kwa mchele, sukari au unga, bei ya aunsi ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa vitu hivyo tunavila kwa uzito. Pipi za Halloween hazitolewi kwa uzito. Mtoto anaweka mfuko wake mbele yako, nawe unatia kipande kimoja au viwili, na hakuna mtoto aliyewahi kudai gramu.

Tuchukue mfano. Mfuko wa kwanza unauzwa dola 20, una uzito wa aunsi 52 na vipande 150. Mfuko wa pili unauzwa dola 15, una aunsi 44 na vipande 80. Ukisoma lebo, wa pili ndio nafuu, kwa kuwa unalipa takriban senti 34 kwa aunsi, wakati wa kwanza ni zaidi ya senti 38. Sasa gawanya bei kwa vipande: wa kwanza ni senti 13 kwa kipande, na wa pili ni karibu senti 19. Ikiwa unatarajia watoto 60 na kila mmoja utampa vipande viwili, unahitaji vipande 120. Mfuko mmoja wa kwanza unakutosha kwa dola 20, ilhali wa pili utakulazimu kununua miwili kwa dola 30. Lebo ya rafuni haikudanganya. Ilijibu swali ambalo hukuwa umeliuliza.

Mifuko mikubwa ya mchanganyiko huandikwa idadi ya vipande upande wa mbele. Mifuko midogo mara nyingi haiandikwi, lakini idadi inapatikana ukigeuza nyuma kwenye jedwali la virutubisho: tazama mfuko una sehemu ngapi za kula, kisha tazama sehemu moja ni vipande vingapi, uzidishe. Fanya hesabu hiyo kwenye simu ukiwa bado dukani.

Ipo tahadhari nyingine kuhusu mifuko ya mchanganyiko. Picha ya mbele huonyesha aina nne au tano za chokoleti zinazojulikana, lakini picha haisemi zimo ngapi za kila aina. Mfuko wenye vipande 200 kwa bei ya kuvutia unaweza kuwa na chokoleti chache na pipi ngumu nyingi. Hilo si kosa ikiwa ndicho unachotaka, ila lijue kabla ya kulipa.

Kwanza hesabu watoto

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiishi ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga. Nilinunua mifuko mitatu mikubwa, na watoto waliopanda ngazi walikuwa wanne. Majengo ya kupanga hupata watoto wachache kwa sababu wengi hupendelea mitaa ya nyumba zilizokaribiana, ambako hatua kumi hukutoa mlango mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo muulize jirani aliyekaa hapo miaka miwili au mitatu. Swali hilo moja huokoa fedha nyingi kuliko kuponi yoyote.

Fahamu pia kwamba taa ya barazani ndiyo ishara: ikiwaka, watoto hubisha, ikizimwa, hupita. Nyumba inayokaribisha watoto huweza kufunga shughuli wakati wowote kwa kuzima taa, na kwa hiyo hakuna haja ya kununua akiba ya kupindukia. Mimi hununua vipande viwili kwa kila mtoto ninayemtarajia, kisha naongeza sehemu ya tano ya jumla hiyo.

Hali ya hewa nayo hubadilisha kila kitu. Watu wa Minnesota bado wanaizungumzia Halloween ya 1991, dhoruba ya theluji ilipoanza siku hiyohiyo na kumwaga zaidi ya inchi 28 katika eneo la Minneapolis na St. Paul kwa muda wa siku nne. Tazama utabiri siku mbili kabla, na usifungue mfuko wa pili mpaka wa kwanza uwe umekaribia kwisha, kwa kuwa maduka mengi hupokea mfuko ambao haujafunguliwa ukiwa na risiti. Uliza masharti ya bidhaa za msimu siku unaponunua. Uliza pia tarehe na saa za mji wako, kwa maana si kila mji huzingatia desturi sawa. Des Moines, kwa mfano, ambako wanaishi Wakongomani na Warundi wengi, kwa miaka mingi watoto wake walizunguka usiku wa tarehe 30.

Nafasi ya kwanza: maduka ya jumla ya uanachama

Kwa nyumba inayopokea watoto zaidi ya 50, au kwa kanisa, shule na chama cha jamii, sijaona mahali panapoyashinda maduka ya jumla kama Costco na Sam's Club. Mifuko yao ni mikubwa, idadi ya vipande imeandikwa wazi, na aina zilizomo ni zile watoto wanazozitaka: Snickers, Twix, M&M's, Reese's, Kit Kat. Bei ya kipande kwa chokoleti zenye jina ndiyo huwa ya chini kuliko kwingine, hata kabla ya punguzo la msimu.

Kikwazo ni ada. Uanachama wa kawaida wa Costco ulipanda hadi dola 65 kwa mwaka mnamo Septemba 2024, na hakuna mfuko wa pipi unaoweza kurudisha fedha hiyo peke yake. Asiyekuwa mwanachama asijiunge kwa ajili ya Halloween. Njia ya busara, na ndiyo inayotumiwa na wengi katika jamii yetu, ni kwenda pamoja. Mwanachama wa Costco anaruhusiwa kuingia na wageni wawili, ingawa anayelipa kaunta ni mwanachama mwenyewe. Familia tatu zinaweza kununua mifuko miwili mikubwa, zikagawana vipande mezani na kurudishiana fedha palepale. Anayekwenda mara ya kwanza akumbuke kwamba kwa upande wa kadi za mkopo Costco ya Marekani hupokea Visa pekee, ingawa kadi za benki za kawaida na fedha taslimu zinakubaliwa.

Maduka haya pia huuza sanduku lenye vipande 30 vya ukubwa kamili, yaani chokoleti nzima kama ile inayouzwa kaunta ya kituo cha mafuta. Ukilinganisha bei ya kipande utaona ni ghali mara kadhaa kuliko vile vidogo vinavyoandikwa "fun size". Hata hivyo, kwa mtu anayetarajia watoto 15 au 20 tu, ninalipendekeza sanduku hili bila kusita. Gharama yote haizidi sana ile ya mifuko miwili ya vipande vidogo ambavyo nusu yake ingebaki, na furaha ya mtoto anayepewa Snickers nzima mkononi haina mfano. Watoto hukumbuka nyumba hiyo mwaka unaofuata, nalo ni jambo la kuliweka kwenye hesabu ya watoto.

Nafasi ya pili: Walmart na Aldi

Asiyekuwa na uanachama na hana wa kumsindikiza aanzie hapa. Walmart ina mifuko ya ukubwa wote, na bei zake za kila siku ziko karibu na bei ambazo maduka mengine huziita punguzo. Angalia programu yake ya simu ukiwa umechagua duka la karibu nawe, maana bei ya mtandaoni na ya dukani wakati mwingine hutofautiana.

Aldi ni duka dogo lenye chaguo chache, na pipi zake nyingi ni za chapa yake yenyewe. Chokoleti yake ni nzuri, na mtu mzima huweza kuipenda kuliko zile zenye jina. Mtoto wa miaka minane, kwa upande wake, anataka kanga anayoitambua. Kwa hafla ya darasa au ya kanisani, ambako vipande humwagwa kwenye bakuli moja, Aldi inafaa sana. Beba sarafu ya senti 25 ya kufungulia toroli, nawe utarudishiwa ukilirejesha.

Nafasi ya tatu: Target na maduka ya dawa

Target, kampuni yenye makao yake makuu hapahapa Minneapolis, pamoja na maduka ya dawa kama CVS na Walgreens, ninayaweka pamoja kwa sababu yana tabia moja: bei ya kawaida haifai, bali bei ya ofa huweza kuwa nzuri sana. Ofa hizo humfikia aliyejiandikisha kwenye mpango wa wateja wa duka. Kujiandikisha ni bure, lakini asiyejiandikisha hulipa bei kamili kwa mfuko uleule aliochukua jirani yake kwa nusu bei. Katika wiki mbili za mwisho za Oktoba ofa za aina ya "nunua mmoja, upate wa pili kwa nusu bei" huwa nyingi.

Hapo ndipo hesabu ya kipande inapohitajika zaidi. Mfuko wa duka la dawa huwa mdogo, na ofa ya kuvutia juu ya mfuko mdogo mara nyingi haikufikishi kwenye bei ambayo Walmart inatoza bila ofa yoyote. Jumlisha bei ya mifuko miwili, gawanya kwa vipande vyote, ndipo uamue.

Nafasi ya nne: maduka ya dola

Dollar Tree, ambayo kwa miongo mingi iliuza kila kitu kwa dola moja, ilipandisha bei yake ya msingi hadi dola 1.25 mwishoni mwa 2021. Mifuko ya pipi inayouzwa kwa bei hiyo ni midogo mno, na ukiihesabu utakuta kipande ni ghali kuliko cha duka la jumla. Faida yake ni moja: mtu anayetarajia watoto watano hutumia dola chache tu, na hakuna kitakachobaki. Kwa zaidi ya hapo, pita.

Nafasi ya tano: mtandaoni

Wauzaji wengi wa mtandaoni ni watu wa kati wanaonunua mfuko ule ule wa duka la jumla na kuuongezea faida yao. Mzigo wa chokoleti unaokaa kwenye gari la kuleta mizigo huko Texas au Arizona, ambako Oktoba bado ina joto, huweza kufika umeyeyuka na kuganda upya. Madoa meupe yanayotokea hayana madhara, lakini hakuna anayependa kumpa mtoto chokoleti ya namna hiyo.

Chokoleti au pipi zisizo na chokoleti

Ukiona chokoleti imepanda bei kuliko ulivyozoea, sababu yake iko Afrika. Côte d'Ivoire na Ghana huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, na mavuno mabaya yaliyoletwa na hali ya hewa na magonjwa ya mikakao yalisukuma bei katika soko la New York kupita dola 12,000 kwa tani mnamo Desemba 2024. Wakulima wa kakao wa Kyela, Bundibugyo na Beni waliuona mwaka huo kwa upande mwingine kabisa wa mizani. Bei ya kakao imeshuka tangu wakati huo, lakini bei ya rafuni hushuka polepole kuliko inavyopanda, na baadhi ya mifuko imepunguzwa uzito huku bei ikibaki ileile. Pipi zisizo na chokoleti kama Dum Dums, Smarties za Marekani na Jolly Rancher hazikuguswa na mtikisiko huo, na kwa bei ya kipande hakuna chokoleti inayozifikia. Mpango wangu ni chokoleti moja na pipi ngumu moja kwa kila mtoto, na kwa njia hiyo gharama hupungua bila mtoto kuondoka amenung'unika.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayejiepusha na nguruwe, kuna jambo la kusomwa kwenye lebo kabla ya bei. Pipi nyingi za kutafuna zina gelatini, na sheria ya Marekani haimlazimu mtengenezaji kueleza gelatini hiyo imetoka kwa mnyama gani. Starburst zinazouzwa Marekani zina gelatini, na vivyo hivyo Haribo za umbo la dubu na zile pipi za rangi tatu zenye umbo la punje ya mahindi zinazotengenezwa na Brach's. Skittles, Sour Patch Kids, Swedish Fish, Dum Dums na Smarties hazina. Orodha ya viambato huchapishwa kwenye mfuko mkubwa wa nje, na kanga ndogo ya kila kipande mara nyingi haina kitu. Kwa sababu hiyo usiutupe mfuko wa nje mpaka jioni iishe.

Mfuko huohuo wa nje utakusaidia mzazi mwingine akikuuliza kuhusu mzio. Karanga zimo katika Snickers na Reese's, na kwa mtoto mwenye mzio mkali kipande kimoja chaweza kuwa hatari ya uhai. Ukiona boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani mbele ya nyumba, ujue hapo wametenga pia vitu visivyo chakula, kama vile penseli au vibandiko. Desturi hiyo ilienea nchini kote tangu 2014, na pakiti ya vibandiko ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo maduka ya dola huviuza kwa bei nzuri kuliko wengine.

Kodi, na kadi ya msaada wa chakula

Hapa Minnesota chakula cha nyumbani hakitozwi kodi ya mauzo, lakini pipi hutozwa asilimia 6.875 ya jimbo pamoja na nyongeza ya mji. Sheria hiyo, ambayo majimbo mengine kadhaa yanayo pia, husema kwamba kitu chenye unga si pipi. Kit Kat, Twix na Twizzlers zina unga, na kwa hiyo hazitozwi. Kwa mfuko wa dola 20 tofauti ni dola moja na nusu hivi. Haitoshi kukubadilishia duka, ila ukiwa umesimama kati ya mifuko miwili ya bei sawa, chukua wenye unga. Anayetumia kadi ya SNAP, yaani ile ya msaada wa chakula, aulize kanuni za jimbo lake, kwa kuwa kuanzia 2026 baadhi ya majimbo, Indiana likiwa mojawapo, yamezuia kadi hiyo kutumika kununulia pipi.

Siku ya kununua

Pipi za Halloween huwekwa rafuni mapema sana, hata kabla Septemba haijafika. Anayenunua wakati huo hulipa bei kamili na kisha hulazimika kuzificha watoto wa nyumbani wasizione kwa miezi miwili. Juma la tatu la Oktoba ndilo ninalolipendelea: ofa zimeanza na chaguo bado lipo. Ukisubiri hadi tarehe 30 utapata bei nzuri zaidi katika baadhi ya maduka, lakini zitakuwa zimebaki aina zilizokataliwa na wengine.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba bei hukatwa nusu karibu kila mahali, na siku chache baadaye hushuka tena hadi robo ya bei ya awali kwa kilichobaki. Hapo ndipo ninanunua nyingi zaidi, wala si kwa ajili ya Halloween. Wengi wetu husafiri kwenda nyumbani mwezi Desemba, na kila begi lina watoto wa kaka, wa dada na wa majirani wanaolisubiri. Tafuta mifuko ambayo kanga za ndani ni za kawaida, bila mabuibui wala mafuvu, hata kama mfuko wa nje umechorwa maboga. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukielekea Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura chukua pipi ngumu zaidi, kwa kuwa chokoleti haitavumilia safari ya kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani, na ikiwa ni lazima kubeba chokoleti, M&M's huvumilia joto kuliko zote kwa sababu ya gamba lake la sukari. Zipime kabla ya kufunga begi: mfuko wa pauni tano ni zaidi ya kilo mbili, na mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 tu kwa begi moja.